Thelma Ritter: Mara Sita Kwenye Orodha ya Oscar, Mara Sita Mikono Mitupu

Kati ya mwaka 1950 na 1962 mwigizaji wa Marekani Thelma Ritter aliteuliwa mara sita kuwania tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike, na mara zote sita jina lililosomwa jukwaani lilikuwa la mtu mwingine. Mara nne za kwanza zilifuatana mwaka hadi mwaka, tangu 1950 hadi 1953. Mpaka leo hakuna mwanamke aliyeteuliwa mara nyingi zaidi yake katika kundi hilo la tuzo. Kisa hiki husimuliwa sana kama habari ya bahati mbaya, kwamba kila mwaka alipangiwa mshindani mkali na mambo yakaishia hapo. Bahati ilikuwapo, na nitaonyesha ilipokuwapo, lakini jambo linalojirudia mara sita linastahili kutafutiwa sababu ndani ya kazi yenyewe. Ninachokiona ni kwamba Hollywood ilimwajiri Ritter awe mtu anayeujua ukweli ndani ya hadithi za watu wengine, na kwamba nafasi hiyo, kwa jinsi waandishi wa filamu walivyoipanga, ilimtaka aondoke kabla hadithi haijafika kileleni. Sifa iliyomfanya asikose kazi kwa miaka 20 ndiyo iliyokuwa ikimpunguzia kura.

Alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 14 Februari 1902. Alisomea uigizaji katika American Academy of Dramatic Arts, akapita katika vikundi vya maonyesho ya jukwaani, na mwaka 1927 akaolewa na Joseph Moran, ambaye naye alikuwa mwigizaji kabla ya kuhamia kwenye biashara ya matangazo, alikopanda hadi kuwa makamu wa rais katika kampuni ya Young & Rubicam. Walipata watoto wawili, na kwa miaka kadhaa Ritter aliliweka jukwaa kando ili awalee. Aliporudi kazini katika miaka ya 1940 alirudi kupitia tamthilia za redio. Kipindi hicho hupitwa haraka na wanaomwandikia wasifu, ilhali kinaeleza mengi. Redio haimwonyeshi mtu uso wala mavazi, na mwigizaji analazimika kuijenga hali yote ya mhusika, yaani umri wake, kipato chake, uchovu wake na mtaa alikokulia, kwa sauti tupu na kwa sekunde chache. Sauti ya Ritter ilikuwa ya kukwaruza, yenye lafudhi ya Brooklyn isiyosafishwa, na alipofika mbele ya kamera akiwa na miaka 45 alikuwa tayari anajua namna ya kumkamilisha mtu katika sentensi tatu.

Sentensi hizo tatu, au chache zaidi ya hapo, zilipatikana mwaka 1947 katika Miracle on 34th Street. Mwongozaji George Seaton, ambaye alikuwa akimfahamu, alimpa kipande kidogo kisichotajwa hata kwenye orodha ya waigizaji. Ni mama aliyechoka, amezunguka madukani siku nzima akimtafutia mwanawe gari la zimamoto la kuchezea, naye analeta mtoto kwa Baba Krismasi wa duka la Macy's huku akimkonyeza yule mzee asije akaahidi kisichopatikana. Mzee anaahidi. Mama anamvuta pembeni kwa hasira, kisha anaambiwa kwamba gari hilo linauzwa katika duka jingine, kwa dola 8 na senti 50. Uso wa Ritter unapita kutoka hasira hadi mshangao, kutoka mshangao hadi shaka, na mwisho unatulia katika hesabu ya mtu anayeamua kumwamini mwenzake kwa mara ya kwanza siku hiyo. Anamfuata msimamizi wa duka na kumwambia kwamba kuanzia leo yeye ni mteja wao. Hadithi nzima ya filamu inategemea kwamba mteja wa kawaida ataupokea wema huo na kuulipa kwa uaminifu, na mteja wa kawaida ni huyu mmoja tu. Inaelezwa kwamba Darryl Zanuck, mkuu wa studio ya Twentieth Century-Fox, alipoona picha hizo aliagiza aongezewe kazi, na muda si mrefu akawa mwigizaji wa studio hiyo kwa mkataba.

Ili kuelewa maana ya mkataba huo, ni lazima tukumbuke studio kubwa za wakati ule zilivyofanya kazi. Studio ilikuwa na nyota wachache ambao nyuso zao zilibandikwa kwenye mabango, na nyuma yao kikosi cha waigizaji wa kulipwa kwa wiki waliojulikana kwa aina zao: jaji, mhudumu wa baa, shangazi mkali, karani mwoga. Mwandishi alipofika mahali penye haja ya muuguzi mwenye maneno, hakuandika muuguzi wa kubuni tu. Aliandika akijua ni nani kikosini atakayemvaa. Aina ya Ritter ilikuwa mwanamke wa tabaka la wafanyakazi, wa makamo, asiyetishwa na pesa ya mwajiri wake. Amekuwa mtumishi wa ndani, muuguzi, mpishi, mama mkwe. Alidumu kuishi New York, katika kitongoji cha Forest Hills, Queens, akisafiri kwenda California palipokuwa na filamu na kurudi nyumbani kazi ilipokwisha. Mume mwenye kipato kizuri na nyumba mbali na Hollywood vilimpa uhuru ambao wengi wa kikosi hawakuwa nao, ingawa vilimweka pia mbali na karamu ambako kura za Oscar zilikuwa zikitafutwa.

Hapa inafaa kusema jambo moja ambalo uchambuzi wa Ritter mara nyingi hulikwepa. Mtumishi wa ndani katika filamu za Marekani za enzi hizo alikuwa mara nyingi mwanamke mweusi, na ni mara chache mhusika huyo aliruhusiwa kumjibu mwajiri wake uso kwa uso bila maneno yake kugeuzwa kuwa mzaha. Watumishi wa Ritter walijibu. Waliketi kwenye kitanda cha bibi mwenye nyumba, wakakataa amri, wakatoa ushauri usioombwa, na kila neno lao lilichukuliwa kuwa la mtu mzima. Mwaka 1959, alipoteuliwa kwa nafasi ya mtumishi mlevi katika Pillow Talk, mmoja wa washindani wake alikuwa Juanita Moore, mwigizaji mweusi aliyecheza mtumishi katika Imitation of Life, na ukizitazama filamu hizo mbili kwa kufuatana utaona wazi ni nani aliyepewa ruhusa ya kuwa na ulimi.

Uteuzi wa kwanza ulitokana na All About Eve ya 1950, iliyoandikwa na kuongozwa na Joseph Mankiewicz. Filamu hiyo iliteuliwa kwa tuzo 14 na kushinda sita. Ritter ni Birdie, mwanamke aliyewahi kufanya maonyesho ya vichekesho majukwaani, ambaye sasa anamvisha na kumtunza nyota wa tamthilia Margo Channing, aliyechezwa na Bette Davis. Msichana mgeni aitwaye Eve anaingia katika chumba cha mavazi na kusimulia maisha yake ya dhiki, na watu wote chumbani wanalegea kwa huruma. Birdie peke yake ndiye anayetoa neno la kejeli, kwamba katika hadithi hiyo zimekosekana mbwa wa kumfukuza tu. Margo anamkemea, naye anaomba radhi. Jambo la kutazama ni jinsi Ritter anavyoomba radhi hiyo: sauti ni ya mtu aliyejirudi, lakini macho yanabaki palepale kwa yule msichana, kama ya mama ntilie aliyepewa noti mpya mno. Baadaye Margo anamuuliza kama hampendi Eve, na Birdie, baada ya kutaka kujua kwanza iwapo anatakiwa jibu au mabishano, anajibu kwa neno moja, kisha anaeleza kwamba msichana huyo anamsoma Margo jinsi mtu anavyosoma tamthilia au ramani ya jengo, anavyotembea, anavyokula, anavyolala.

Baada ya hapo filamu inaanza kumwacha. Tangu karamu maarufu ya nyumbani kwa Margo inapopita, Birdie hana tena kazi ndani ya hadithi, na sehemu yote ya pili, ambamo Eve anapanda na Margo anatambua alichofanyiwa, inaendelea bila yeye. Mantiki ya mwandishi inaeleweka, kwa kuwa Birdie aliyekwisha kuujua ukweli angefupisha filamu kwa saa nzima kama angebaki chumbani. Watazamaji wa vibanda vya video vya kwetu husema steringi hafi. Katika hadithi za Hollywood za wakati huo kanuni hiyo ilikuwa na upande wake wa pili, kwamba msaidizi anayeujua ukweli mapema mno haruhusiwi kufika mwisho. Mpiga kura anayetoka ukumbini hukumbuka kwa nguvu zaidi kile alichokiona dakika za mwisho. Zaidi ya hayo, All About Eve ilikuwa na waigizaji wawili katika kundi hilohilo la tuzo, Ritter na Celeste Holm, na wapiga kura walioipenda filamu hiyo walikuwa na majina mawili ya kugawana. Mshindi alikuwa Josephine Hull wa Harvey.

Hull anatuletea jambo ambalo sijaona likitiliwa maanani vya kutosha. Alikuwa amemcheza mhusika wake huyo Broadway, kitovu cha tamthilia za jukwaani jijini New York, tangu 1944, miaka mingi kabla ya kamera kumfikia. Mwaka uliofuata Ritter alishindwa na Kim Hunter wa A Streetcar Named Desire, ambaye alikuwa amemcheza mhusika yuleyule Broadway tangu 1947. Mwaka 1962, mara ya mwisho, alishindwa na Patty Duke wa The Miracle Worker, msichana wa miaka 16 ambaye naye alikuwa ameanza kumcheza Helen Keller Broadway mwaka 1959. Katika mashindano matatu kati ya sita, basi, mtu aliyepewa mhusika wake wiki chache kabla ya upigaji picha alipambana na watu waliokuwa wameishi na wahusika wao usiku baada ya usiku kwa mamia ya maonyesho. Tena wahusika hao walitoka katika tamthilia zilizokwisha kuheshimiwa, ambamo nafasi ya msaidizi imesukwa tangu mwanzo hadi tone la mwisho. Hii ndiyo sehemu ya bahati niliyoahidi kuionyesha, ingawa hata hapa bahati ina mpangilio wake: tamthilia nzuri humpa msaidizi hatima, ilhali filamu iliyoandikwa kwa ajili ya kikosi cha studio humpa shughuli.

Mwaka 1951 ndio unaonivutia zaidi, kwa sababu ndipo mgawanyo wa wakuu na wasaidizi unapofichua kwamba ulikuwa suala la mabango kuliko suala la hadithi. Uteuzi wa mwaka huo ulikuwa wa The Mating Season, iliyoongozwa na Mitchell Leisen. Ritter ni Ellen McNulty, mwenye kibanda cha kuuza hambaga kinachofilisika, anayesafiri kwenda kwa mwanawe aliyeoa binti wa watu wakubwa. Anapogonga mlango, bibi harusi anamdhania kuwa mpishi aliyeagizwa kwa ajili ya karamu, na Ellen, kwa kumstahi mwanawe na pengine kwa utundu, anakubali kuwa mpishi. Tangu hapo filamu ni yake: siri ni yake, na uamuzi wa lini siri itolewe ni wake pia. Hata hivyo majina ya Gene Tierney, John Lund na Miriam Hopkins yalitangulia lake, naye akaingizwa katika kundi la wasaidizi, akiwa ameibeba filamu ambayo kwa sheria ya mabango haikuwa yake.

Mwaka huohuo alifanya The Model and the Marriage Broker chini ya George Cukor, na humo jambo ni wazi zaidi. Mhusika wake, Mae Swasey, ni mshenga wa kulipwa jijini New York, anayewaunganisha wapweke kwa ada, na ndiye tunayeanza naye na ndiye tunayemaliza naye. Bango lilimweka wa tatu, baada ya Jeanne Crain na Scott Brady. Filamu hiyo haikumletea uteuzi wowote, si katika wakuu wala katika wasaidizi. Kwa maoni yangu ndiyo kazi yake nzuri kupita zote isipokuwa moja, na anayetaka kujua Ritter angekuwa nani kama studio ingemwamini na hadithi nzima aanze na hiyo.

Uteuzi wa 1952 unaweza kupitwa kwa haraka. With a Song in My Heart ni filamu ya maisha ya mwimbaji Jane Froman, aliyenusurika ajali ya ndege huko Lisbon mwaka 1943, na Ritter ni muuguzi wake. Anafanya kile alichoitiwa, kumzuia mgonjwa asijihurumie, na anakifanya vizuri, lakini mswada haumpi zaidi ya hapo. Alishindwa na Gloria Grahame wa The Bad and the Beautiful, na ushindi huo ni wa lazima kuutaja kwa sababu unapinga hoja yangu kwa kiasi fulani: Grahame anaonekana kwa muda usiofika dakika kumi. Kwa hiyo wingi wa dakika peke yake haukuwa kigezo. Ila mhusika wa Grahame anakufa, na kifo chake kinabadilisha mwendo wa mtu mwingine. Dakika zake ni chache lakini zimefungwa katika uti wa mgongo wa hadithi.

Ndipo tunapofika 1953 na Pickup on South Street ya Samuel Fuller, kazi ambayo ingetosha kumpa tuzo mwaka wowote. Ni filamu ya dakika 80 kuhusu mwizi wa mifukoni, Skip McCoy, aliyechezwa na Richard Widmark, anayechomoa pochi ya mwanamke ndani ya treni ya chini ya ardhi bila kujua kwamba ndani yake mna filamu ndogo yenye siri za serikali iliyokuwa ikipelekwa kwa Wakomunisti. Ritter ni Moe, mwanamke anayeuza tai mitaani na anayewauzia polisi habari za wezi. Hawachukii wezi hao, na wao hawamchukii. Skip mwenyewe, akijua kwamba Moe ndiye aliyemuuza, anasema kwamba kila mtu lazima ale. Pesa zake Moe anaziweka kwa ajili ya jambo moja tu, kiwanja cha kaburi na mazishi ya heshima Long Island, kwa kuwa hofu yake kubwa ni kuzikwa na jiji pamoja na maiti zisizo na wenyewe.

Tukio la kifo chake linastahili kutazamwa polepole. Moe anarudi chumbani usiku, amechoka hata kuvua nguo ni kazi. Anaweka santuri, wimbo uitwao Mam'selle. Mwanamume aitwaye Joey, mtu wa Wakomunisti hao, aliyekuwa akimsubiri chumbani, anataka anunue anuani ya Skip. Moe, ambaye tangu mwanzo wa filamu tumemwona akipatana bei ya kila kitu, safari hii anakataa kuuza. Ritter hauchezi ukataaji huo kama ushujaa. Anaongea kama mtu anayelalamikia miguu yake. Anasema kwamba yeye ni saa kuukuu inayoishiwa nguvu, na kwamba analazimika kuendelea kutafuta riziki ili aweze kufa. Anamwambia Joey kwamba akimpiga risasi atakuwa amemfanyia hisani. Hakuna chozi linalotafutwa, na sauti haipandi. Maneno yanatoka kwa mwendo uleule aliokuwa akiutumia kutangaza bei ya tai. Kamera inaondoka usoni pake na kuelekea kwenye gramafoni, na mlio wa risasi tunausikia tu bila kuona. Baadaye Skip analifuata jeneza lake kwenye chombo kinachoelekea makaburi ya jiji na kulichukua akalizike.

Utaona kwamba hapa pia yule anayejua anaondolewa kabla ya mwisho. Tofauti ni kwamba Fuller alikuwa na akili ya kuufanya uondokaji wenyewe kuwa kitovu cha filamu: kila kinachofuata kinatokea kwa sababu Moe amekufa. Ni hapa peke yake, katika mara zote sita, ambapo Ritter alipewa hatima iliyo sawa na kipaji chake. Alishindwa na Donna Reed wa From Here to Eternity, filamu iliyonyakua tuzo nane usiku ule. Reed, aliyezoeleka kama msichana mwema, alicheza mwanamke anayeuza mapenzi, au niseme kwa namna ambayo udhibiti wa wakati ule ulivyoruhusu, mhudumu wa klabu ya wanajeshi. Wapiga kura wa Oscar wamekuwa na udhaifu wa muda mrefu kwa mwigizaji anayeonekana kubadilika. Ritter hakuonekana kubadilika, kwa kuwa walikuwa wamemzoea kama mwanamke wa Brooklyn mwenye maneno makali, na Moe kwa juu juu ni mwanamke wa namna hiyohiyo.

Mwaka 1954 alikuwa Stella, muuguzi wa kampuni ya bima katika Rear Window ya Alfred Hitchcock, na hakuteuliwa kabisa. Ni ajabu kidogo, kwa sababu nafasi hii ndiyo watu wengi wa leo wanamjua kwayo. Stella anafika asubuhi kumkanda mgongo James Stewart aliyevunjika mguu, anamwonya kuhusu tabia ya kuchungulia majirani, kisha taratibu yeye mwenyewe anakuwa mchunguliaji hodari kuliko wote, hadi anamharibia mwenzake kifungua kinywa kwa kukisia kwa sauti jinsi maiti ilivyokatwakatwa na wapi damu itakuwa imemwagika. Na kwa mara moja hadithi haikumwondoa. Mwishoni mwa Machi 1955, sherehe za Oscar zilipoendeshwa kwa pamoja Hollywood na New York, Bob Hope aliongoza upande mmoja, na aliyeongoza upande wa New York alikuwa Thelma Ritter, aliyekwisha kushindwa mara nne.

Mwezi Mei wa mwaka huohuo ilitokea habari ambayo naiona kuwa ushahidi mzito kuliko orodha yoyote ya washindi. Ritter alicheza mama wa familia maskini ya Bronx katika The Catered Affair, tamthilia ya televisheni iliyoandikwa na Paddy Chayefsky, akateuliwa kuwania tuzo ya Emmy. Metro-Goldwyn-Mayer walipoigeuza kuwa filamu mwaka 1956, mama huyo wa Bronx alipewa Bette Davis. Mwanamke ambaye Ritter alikuwa amemfungia vifungo vya magauni katika All About Eve alivaa sasa aproni ambayo tayari ilikuwa ya Ritter. Sisemi kwamba Davis alicheza vibaya. Ninachosema ni kwamba maisha ya mwanamke wa namna hiyo yalipopandishwa hadi kuwa kiini cha filamu kubwa, studio ilitafuta jina la kubandika ukutani, na aliyewacheza wanawake hao kwa miaka tisa hakuwa na jina hilo.

Broadway iliona vingine. New Girl in Town, tamthilia ya muziki iliyotokana na Anna Christie ya Eugene O'Neill, ilifunguliwa mwaka 1957 chini ya uongozi wa George Abbott, dansi zikipangwa na Bob Fosse, na Ritter alicheza Marthy, mlevi mzee wa bandarini. Mwaka 1958 alipata tuzo ya Tony ya mwigizaji bora wa kike katika tamthilia ya muziki, akiigawana na Gwen Verdon wa tamthilia hiyohiyo. Angalia kundi la tuzo: ni la waigizaji wakuu. Mtu ambaye Hollywood haikumtuza hata kama msaidizi alishinda New York kama mkuu, mwaka wa kwanza alipowekwa humo.

Pillow Talk ya 1959 nimekwisha kuigusa. Ni filamu ya kuchekesha, na mshindi, Shelley Winters, alitokea katika The Diary of Anne Frank. Hakuna mcheshi ambaye angeshinda pambano hilo. Katika The Misfits ya 1961, iliyoongozwa na John Huston, ule mpangilio wa zamani unarudi kwa namna ya kushangaza. Ritter ni Isabelle, mwenye nyumba huko Reno anayempokea Marilyn Monroe aliyekuja kudai talaka, na kwa nusu ya filamu ndiye sauti pekee yenye busara kati ya watu waliopotea. Kisha, kabla tu ya safari ya kuwinda farasi mwitu ambayo ndiyo filamu yenyewe, anakutana na aliyekuwa mume wake pamoja na mke wake mpya, anafurahi, na anaondoka nao. Monroe aliyekuwa na vipande viwili vitatu katika All About Eve alikuwa sasa nyota. Ritter alikuwa bado akitolewa mlangoni katikati ya hadithi.

Uteuzi wa sita, wa Birdman of Alcatraz ya John Frankenheimer, ulikuwa wa mama wa mfungwa Robert Stroud, aliyechezwa na Burt Lancaster. Humo hakuna ucheshi kabisa. Upendo wa mama huyo ni wa kumiliki, na unapogundua kwamba mwana amempata mwanamke mwingine unageuka kuwa uadui baridi ambao Ritter anauonyesha kwa kukaza taya tu. Ni yale mabadiliko ambayo wapiga kura walikuwa wakiyataka kwake tangu 1953, na yalifika katika mwaka ambao kundi lake lilikuwa na Patty Duke, Mary Badham wa miaka 10 kutoka To Kill a Mockingbird, na Angela Lansbury wa The Manchurian Candidate. Akiwa na miaka 60 alikuwa amekaa katikati ya watoto wawili, na mmoja wa watoto hao akashinda.

Kuna anayeweza kuuliza kwa nini Walter Brennan, ambaye naye alikuwa mtu wa kikosi na wa aina moja, alishinda Oscar tatu za msaidizi ndani ya miaka mitano, za filamu za 1936, 1938 na 1940. Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba wakati huo waigizaji wa kujaza umati walikuwa na haki ya kupiga kura, nao walikuwa wengi mno, na Brennan alikuwa ameanzia miongoni mwao. Ritter aliingia baada ya mlango huo kufungwa. Hakuwa mtoto wa umati, hakuwa mkazi wa Hollywood, na mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imetoa uamuzi dhidi ya studio kumiliki majumba ya sinema, hatua iliyoanza kuvivunja vile vikosi vya mikataba ambavyo vingeweza kumpigania kama mtu wao.

Nikilazimishwa kuhukumu mara zote sita, sitabishana na Hull, Hunter wala Duke, na Winters namwachia. Mwaka 1952 Ritter hakustahili. Mwaka 1953 alistahili bila shaka yoyote, na kosa la mwaka huo si la Donna Reed. Aliendelea na kazi hadi mwaka mmoja hivi kabla ya kifo chake, ikiwa ni pamoja na Boeing Boeing ya 1965, akiwa tena mtumishi wa ndani mwenye maneno, na The Incident ya 1967, akiwa abiria katika treni ya usiku ya New York inayotekwa na wahuni wawili. Alifariki kwa maradhi ya moyo jijini New York tarehe 5 Februari 1969.